Jumatano za Chumba cha Sayansikimu

Mwaka 1995, katika shule moja ya sekondari ya kutwa huko Kinondoni, alikuwepo msichana wa kidato cha pili aliyevaa sweta mwaka mzima. Jua la Februari liliwaka mpaka walimu wa kiume wakalegeza tai, lakini Nusaiba binti Twalib alikaa dawati la nyuma na sweta lake la bluu, mikono imeshuka hadi kwenye vidole. Wenzake wakamwita Mama Baridi. Hakukasirika. Mtu akishapewa jina la utani haulizwi tena maswali.

Aliyekuja kumgundua ni Mwalimu Kokushubila, mama wa Kihaya aliyefundisha sayansikimu. Siku moja darasa likijifunza kupika, ikafika zamu ya Nusaiba kuwasha jiko. Alishika kibiriti, akakitazama, akakirudisha mezani taratibu, kisha akatoka nje akatapika nyuma ya tangi la maji. Mwalimu akamfuata na kikombe cha maji. Akakaa naye pale chini hadi kengele ikapigwa.

"Jumatano vipindi vikiisha, uje chumba cha sayansikimu," alisema akiinuka. "Hutakuwa peke yako."

Mwalimu Kokushubila alikuwa amerudi karibuni kutoka Morogoro kwenye mafunzo ya ushauri nasaha. Yalikuwa ya wiki mbili tu, lakini tangu hapo alikuwa akiwatazama wanafunzi wake kwa jicho jingine. Alimwomba mkuu wa shule, Mzee Albano, ruhusa ya kuwakusanya wasichana waliopatwa na mambo mazito. Mzee Albano akakuna kidevu.

"Wazazi watasema tunawafundisha watoto kutoa siri za nyumbani."

"Hawa hawatoi kitu, mkuu. Ndiyo shida yenyewe."

Wakawa wasichana saba. Walikaa kuizunguka meza ya kukatia vitambaa, kila mmoja na kipande cha kushona pindo, kwa maana Mwalimu aliamini kuwa mkono ukiwa na kazi, mdomo haushtuki. Masharti waliyatunga wenyewe. Linalosemwa humu linabaki humu. Anayelia asinyamazishwe. Na neno "jikaze" likapigwa marufuku kwa ombi la Bupe, msichana wa Kinyakyusa mwenye sauti nzito, aliyesema, "Nimeshajikaza mpaka meno yananiuma."

Nusaiba alishona Jumatano nne bila kusema hata salamu ndefu. Alisikiliza. Alijua kwa nini Benedicta hapendi kupita njia ya sokoni, na kwa nini yule mdogo kuliko wote hulala na viatu miguuni. Akirudi nyumbani Manzese alijiona amebeba vya watu na vyake bado hajavitua.

Jumatano ya tano alizungumza Bupe. Baba yake alikuwa amefariki, na ndugu wa baba wakaja kutoka Tukuyu wakamtoa mama yake ndani ya nyumba kwa kumburuta, watoto wakitazama. "Lakini mie siwachukii wale," alisema. "Namchukia mama. Alikaa kimya tu. Hadi leo amekaa kimya, mnakula naye sahani moja yuko kimya."

Sindano ya Nusaiba ikasimama.

"Mnakula naye," alisema. "We unamwona mama yako kila siku halafu unalalamika?"

Chumba kizima kikamgeukia. Bupe alitaka kujibu, Mwalimu akamgusa bega. "Mwache. Leo ndiyo kafungua."

Naye Nusaiba, macho kwenye kitambaa, akasimulia.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1993, kipindi cha mgao wa umeme. Baba yake, Twalib, alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo na ameanza kuuza mitumba. Siku hiyo alikuwa msikitini kwa swala ya magharibi, na mama yake, Zubeda, alikuwa kwenye foleni ya bombani. Nusaiba aliachiwa mdogo wake Somoe, mtoto wa miaka mitano, aliyekuwa amelala ndani ya chandarua. Giza likaingia. Akajaza kibatari mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa, akawasha. Moto haukuwaka kama siku zote. Uliruka. Ulimrukia mkono, ukashika chandarua, na alipompata Somoe na kumtoa nje, majirani walikuwa wameshafika na ndoo. Siku ya tatu Somoe alifia hospitali.

"Kwenye matanga," alisema Nusaiba, "mama alinitazama mbele ya watu akaniuliza, 'Ulikuwa unaangalia wapi?' Basi. Hajaniuliza kingine. Arobaini ilipokwisha akaenda kwao Kilwa Kivinje kupumzika. Baba husema anarudi. Kila mwezi anarudi."

Hakulia. Benedicta ndiye aliyelia. Bupe alivuta kiti chake akakisogeza mpaka mabega yao yakagusana, akaendelea kushona.

Kuanzia siku hiyo Nusaiba akawa na mahali pa kuisema hamu yake. Aliwaambia wenzake namna mama alivyokuwa akimkatia jina, akimwita Nusa, na jinsi ambavyo hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Aliwaambia kuwa akisikia mtu akizungumza kwa lafudhi ya Kilwa sokoni humfuata nyuma, anunue asinunue, ili amsikie mpaka mwisho wa sentensi. Sanduku la nguo za mama lilikuwa bado uvunguni. Mwanzoni alilifungua kila jioni kunusa udi. Sasa hakulifungua tena, akihofia harufu itaisha.

Mwezi Machi, Mwalimu aliwapa karatasi. "Andikeni barua kwa mnayetaka. Si lazima kutuma. Mkitaka mchane."

Wengine walichana. Ya Nusaiba ilikuwa na mistari mitatu: *Mama, shikamoo. Mie sijambo na ninasoma. Naomba uniambie kama ulinichukia, maana kutokujua kunaniumiza kuliko mkono.*

"Tuma," alisema Bupe.

"Asipojibu?"

"Si ndivyo ulivyo sasa?"

Akaituma kwa sanduku la posta la shule ya msingi ya Kivinje. Kisha masika yakaanza. Mto Rufiji ukafurika, kivuko cha Ndundu kikasimama, na malori ya kusini yakalala njiani wiki nzima nzima. Aprili ikapita, Mei ikapita. Kila Jumatano wenzake walimtazama usoni na hakuna aliyeuliza. Siku moja Nusaiba alisema, "Labda imelowa." Wote wakakubali kwamba imelowa.

Jumatano ya mwisho ya Juni, mlango wa chumba cha sayansikimu uligongwa. Mwanamke mwembamba alisimama pale na kanga mbili na mfuko wa plastiki, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Hodi. Samahani, Mwalimu. Nimeelekezwa na mlinzi."

Nusaiba aliinuka, kitambaa kikadondoka. Alikuwa amewaza kwamba siku hiyo ikifika atamkimbilia. Badala yake aliamkia palepale alipokuwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nusa."

Mwalimu Kokushubila aliwatazama wale wengine sita, nao bila kuambiwa wakachukua vitu vyao wakaenda kukaa barazani. Naye akawafuata, akaurudisha mlango.

Zubeda hakukaa. Alisema amefika tangu asubuhi, ameshindwa kwenda Manzese. Alifika hadi kona ya mtaa wao akarudi. Alisema barua aliipata, akasomewa na mwalimu wa pale, na kwamba alimwomba airudie mara tatu.

"Mie ndiye niliyenunua yale mafuta," alisema. "Si yale tuliyokuwa tukinunuaga. Niliyanunua kwa mtu wa mkokoteni kwa sababu yalikuwa rahisi. Nilinusa, nikasikia petroli. Nikasema yatafaa. Kila nikiutazama mkono wako naona chupa ile, nami ndiye niliyeishika. Nikakimbia, mwanangu. Sikukukimbia wewe."

"Uliniuliza nilikuwa naangalia wapi."

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Lini?"

"Kwenye matanga."

"Sikumbuki. Wallahi sikumbuki kama nilisema neno lolote siku zile." Akakaa chini, palepale kwenye sakafu ya saruji, akajifunika uso. Neno ambalo Nusaiba alikuwa amelala nalo mwaka mzima na nusu, mwenye neno hakuwa nalo. Hakujua alipeleke wapi. Akakaa naye sakafuni, na baada ya muda mama akauvuta ule mkono akauweka mapajani mwake, sweta na vyote.

Isidhaniwe kwamba mambo yalirudi kama zamani. Zubeda alikaa siku tisa kwa shangazi yake Kawe. Twalib alikwenda kumwona kila jioni, wakizungumza uani kwa sauti ya chini. Talaka haikutolewa, wala mke hakurudi Manzese, kwani nyumba ile ilimshinda. Akarudi Kivinje. Siku ya kuagana Nusaiba alishikwa na homa, na Jumatano iliyofuata aliwaambia wenzake, "Sasa namkosa vibaya zaidi. Zamani nilimkosa mtu niliyemwogopa."

"Na hamu hii ya sasa?" aliuliza Mwalimu.

Nusaiba akakaza uzi. "Hii inauma, ila naweza kula."

Desemba, shule ilipofungwa, baba yake alimruhusu kwenda Kilwa. Alikaa huko mwezi mzima. Jioni moja wakichambua mchele, mama aliuliza bila kuinua kichwa, "Kaburi la mdogo wako mnalipalilia?"

"Kila Ijumaa. Mie na baba."

"Likoje?"

Nusaiba akamweleza: mchanga umeshuka upande wa kichwani, baba ameuzungushia mawe, kuna kichaka cha mrehani kilichoota chenyewe, na asubuhi kivuli cha ukuta hulifunika hadi saa tatu. Mama akamwomba arudie hapo kwenye mrehani. Akarudia.

"Idi nitakuja," alisema Zubeda. "Utanipeleka."

Idi ilipofika hakuja. Nusaiba alimngoja akiwa ameshavaa, tangu alfajiri hadi adhuhuri. Alikuja Idi iliyofuata, akiwa na chupa ndogo ya marashi ndani ya mfuko, na walikwenda makaburini wote watatu kwa miguu, mama katikati ya Nusaiba na baba yake, akiuliza kila hatua kama bado mbali.