Karani Aliyeshindwa Kukaa

Karani wa mahakama ndogo alikuwa na mimba kubwa, na tumbo halikumsumbua hata kidogo. Kilichomtesa ni miguu. Akikaa tu, kitu kilianza kutambaa ndani ya vigimbi kama siafu waliopotea njia, na hakikutulia mpaka ainuke atembee. Mumewe, fundi wa majokofu, alipochoka kupigwa mateke alihamia kwenye kochi bila kinyongo.

"Mimba huleta kukosa usingizi," mama mkwe alisema.

"Usingizi ninao, mama. Miguu ndiyo haitaki kulala."

Kazini alijikaza mpaka siku ya hukumu ya majirani waliogombania ukuta. Hakimu, mzee asiyejua haraka, alikuwa bado katikati ya kusoma pale miguu ilipomshinda karani. Akasimama. Sasa, mahakamani hapo, karani akisimama maana yake hakimu anatoka, kwa hiyo ukumbi mzima ukasimama. Wakili akafunga mkoba. Mlalamikaji, akidhani ameshinda, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mlalamikiwa akaangua kilio.

Hakimu akachungulia juu ya miwani. "Tunakwenda wapi?"

"Popote, mheshimiwa. Ilimradi nisikae."

Hakimu akaahirisha kesi, akamwita karani ofisini, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. "Nenda kliniki sasa hivi," alisema. "Ukuta hauna safari."

Mkunga wa kliniki naye hakushangaa. "Huu ni ugonjwa wa miguu isiyotulia. Wajawazito wengi wanao, ila hawasemi."

"Niliogopa kuonekana nimerukwa na akili."

"Siku hizi unalia ovyo?"

"Jana nimelilia sufuria."

Mkunga hakulichukulia kama mzaha. Alimpima presha, akamtoa damu, akamweleza kwamba mama asiyelala anachoka hadi moyoni. Huzuni nzito huweza kumwingia, na presha nayo ni ya kuangaliwa. Majibu yakaonyesha akiba ya madini ya chuma mwilini imekauka. Akapewa vidonge, akaambiwa asivimeze na chai, anyooshe vigimbi jioni, na arudi kliniki bila kusubiri kuzidiwa. Karani akalia tena palepale, safari hii akiwa na sababu.

Nyumbani alimsimulia mama mkwe. Bibi yule akaitazama miguu yake mwenyewe.

"Kumbe," akasema. "Mimi mimba zote nilikesha nikifagia. Watu walinisifu kwa usafi."

Tangu hapo wakawa wanatembea pamoja sebuleni kila jioni, wakizungumza mambo ambayo hawakuwahi kuambiana. Vidonge vilifanya kazi taratibu. Siafu walipungua, hawakuisha. Presha haikupanda. Mtoto wa kike akazaliwa salama, na baada ya majuma machache miguu ikanyamaza kabisa.

Fundi akarudi kitandani, akajilaza pembeni kabisa, kwa tahadhari.