Mpini wa Rivolva ya Mama Arielle

Wifi yangu Mama Arielle ana mikono mikubwa. Sisengenyi, yeye mwenyewe ndiye anayetangaza. Glavu za kazini humpasukia vidoleni, na pete ya ndoa kaka yangu alilazimika kuirudisha kwa sonara kule kwetu Uvira wiki ya harusi kwa sababu iligoma kwenye kifundo cha kidole. Kazi yake ni kugeuza wagonjwa vitandani kwenye ile hospitali kubwa ya Flemingsberg, huku kwa Waswidi. Wanaume wa Kiswidi warefu kama milango anawageuza kama chapati, na wao humshukuru.

Mama huyu, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya yetu, ana rivolva.

Msishtuke. Ana kibali cha polisi, ana kabati la chuma lililopigwa boliti ukutani, na ni mwanachama wa klabu ya shabaha huko Upplands Väsby, ambako kila Jumamosi wastaafu wenye vikinga masikio hutoboa karatasi kwa utulivu wa watu wanaofuma sweta. Mwenzake wa kazi alimpeleka mara moja kama mgeni. Akapiga, karatasi ikatoboka katikati, na tangu hapo tukampoteza.

Kaka yangu Jean-Bosco ni dereva wa basi na mtu mpole. Siku alipoelezwa habari hiyo alikaa chini kwanza.

"Mama Arielle, sisi tulikimbiaka bunduki," alisema. "Tulivuka ziwa sababu ya bunduki. Sasa weye unazilipia ada ya mwanachama?"

"Kule bunduki zilikuwa za wale," mkewe akamjibu. "Iyi iko ya kwangu. Na karatasi haina mama wa kuililia."

 Mimi nilikuwa na la kumjibu, ila mdomo ulikuwa umejaa sambusa.

Shida ilikuwa mpini. Rivolva yenyewe aliinunua kwa mzee mmoja aliyeacha mchezo, na mpini wake wa mbao ulikuwa mwembamba, umetengenezwa kwa ajili ya mkono wa karani. Kwenye kiganja cha wifi yangu ulipotea kabisa. Kila alipopiga, bastola ilirusha teke, na ule mviringo wa chuma unaokinga triga ulimgonga kidole cha kati, pale pale kwenye fundo. Kidole kikavimba. Kazini akaanza kushindwa kukamata mashuka, na mgonjwa mmoja nusura ateleze.

Hapo Jean-Bosco akatoa hukumu. Klabu ilikuwa inakaribia siku ya kuchagua timu ya mashindano. Kama siku hiyo kidole kitakuwa bado kimevimba, rivolva inauzwa, na Jumamosi zinarudi nyumbani. Alisema hivyo na hakucheka mwishoni, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa kaka yangu. Mama Arielle akakubali. Angefanya nini? Kidole kilikuwa kinamuuma kweli, na bila mkono hana kazi.

Lakini kesho yake, tukiwa chumba cha kufulia chini ya jengo letu hapa Husby, aliacha kukunja nguo.

"Wifi, pale klabu ndo pahali moja tu nasimamaka na hakuna mutu ananiita," akaniambia. "Hakuna kengele ya mgonjwa. Hakuna simu. Hakuna 'mama, soksi iko wapi.' Nikitoka pale, nitapumuaka wapi?"

Nilimwonea huruma sana. Mimi sipendi kulia mbele ya mashine za kufulia za watu, kwa hiyo nilimkaripia: "Si ununue mpini mwingine!"

Kumbe mipini ina ulimwengu wake. Iko ya mbao za kila rangi, iko ya mpira, iko yenye mabonde ya kulaza vidole, na yote hufungwa kwa skrubu moja tu. Wenzake wa klabuni walimwazima ya kujaribu. Na kwa kuwa mpini bila bastola ni vipande viwili tu visivyo na kosa, alitembea nayo mkobani, kati ya Biblia na mafuta ya kujipaka. Akawa anaishika kila mahali. Aliishika akisubiri lifti. Aliishika kwenye treni, jicho moja limefumbwa, mkono umenyooshwa kuelekea mlango, mpaka abiria wa mbele yake wakashuka kituo ambacho sina hakika kilikuwa chao.

"Mamma, snälla!" bintiye Arielle alimsihi kwa Kiswidi, kisha akahamia behewa lingine na kujifanya hana mama.

Baada ya kushikashika huko akaupata. Ulikuwa wa mpira mweusi, mnene, unaofunika chuma chote cha nyuma na kujaza ile nafasi iliyokuwa inamponza kidole. Sura yake mbaya kama kandambili ya zamani. Lakini alipoufumbata, nilimwona akifunga macho kama mtu aliyevua viatu baada ya zamu ya usiku. Akauagiza wake siku hiyo hiyo, na hapo ndipo angepaswa kunyamaza.

Hakunyamaza. Kwetu mtu hanunui hata sufuria peke yake, lazima kikao kijue. Akabeba mkoba wake wenye mipini yote ya kuazima na kuupeleka kwenye kikundi cha kina mama, nyumbani kwa mwenyekiti wetu, Mama Célestine.

Mama Célestine ni Mrundi wa Bujumbura. Ni mfupi, vidole vyake vyembamba kama vya binti wa komunyo ya kwanza, na sauti yake haina uhusiano wowote na ukubwa huo. Mipini ikazungushwa pamoja na sinia ya mikate ya mafuta. Kila mtu akashika, kila mtu akatoa maoni. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwenzetu Gaëlle alitaka unaoendana na kitenge. Mélissa aliunusa mmoja akasema una harufu ya duka la matairi. Mimi niliunga mkono ule mwekundu kwa sababu hauonyeshi uchafu. Hakuna aliyeuliza habari za mkono wa mwenye bastola.

Kisha Mama Célestine akainua mmoja mweupe, unang'aa kama kome wa ziwani, wenye mabonde ya vidole. Akaufumbata. Vidole vyake vikaingia kila kimoja bondeni mwake.

"Ni huu," akasema. Kikao kikafungwa.

Mama Arielle alijaribu kueleza, kwa adabu, kwamba vidole vyake yeye havilali mabondeni, vinakalia vilima.

"Utazoea, mwanangu," Mama Célestine akamwambia. "Hata kiatu kipya huwa kinauma."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, walimwita mbele ya ukumbi na kumkabidhi mpini mweupe uliofungwa kwa karatasi ya maua. Tulikuwa tumechanga. Tuliimba. Tulipiga picha. Nyinyi mnajua mambo yetu: cha kupewa hakichaguliwi, na zawadi ya kikundi lazima ionekane ikitumika. Ukipewa kitenge ukakiacha kabatini hadi Pasaka, utaulizwa, tena mbele za watu. Kwa hiyo wifi yangu aliufunga ule mpini kwenye rivolva, na kila Jumamosi Mama Célestine akadai video.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Vile vilima vilimfinya kati ya vidole, mkono ukateleza, shabaha zikaanza kutembea hovyo kwenye karatasi, na kidole kikazidi kuvimba. Mpini wa mpira, ambao ulishafika kwa posta, ukakaa mkobani bila kutumika. Nilimwambia afunge mweupe kwa ajili ya video, kisha abadilishe. Akasema kina mama wametoa kwa moyo, hawezi kuwafanyia mchezo. Kuna watu wema mpaka wanaudhi.

Siku ya kuchaguliwa timu ikafika, na kikundi kizima kikaamua kwenda kushuhudia zawadi yake. Tulijaza behewa la treni ya Upplands Väsby kwa vitenge vya sare, sufuria za sombe, kile kisamvu chetu, na ndoo ya mikate. Jean-Bosco alikuja pia, amekunja uso. Alikuja kukagua kidole.

Kiongozi wa klabu, mstaafu mmoja mwembamba aitwaye Lennart, alitupokea kwa ukarimu mpaka alipofikia suala la masikio. Pale hakuna anayeruhusiwa kuingia bila vikinga masikio, na vikinga masikio havipiti juu ya vilemba. Kuvua kilemba mbele ya wazee wa Kiswidi lilikuwa jambo lisilofikirika. Mazungumzo yalikuwa marefu. Mwishowe kina mama walienda chooni kwa zamu, wakavaa vikinga kichwani kwanza, wakafunga vilemba juu yake. Walitoka wamevimba masikio pande zote mbili, na wote wakawa wanazungumza kwa kupiga kelele.

Asubuhi hiyo wageni waliruhusiwa kujaribu, chini ya uangalizi, kabla ya wanachama kuanza. Mama Célestine hakusubiri kuulizwa. Alisema mchaguzi wa mpini ndiye afungue shughuli, na kwa rivolva ile ile. Lennart akasimama ubavuni mwake, akampanga miguu, akampanga mikono, akarudi nyuma kidogo tu.

Pang! Bastola ikaruka juu. Karatasi haikuguswa. Mama Célestine akaitazama rivolva kwa mshangao, kama mtu aliyejibiwa vibaya na mtoto. Akapiga tena. Safari hii vile vilima vikambana vidole, akaachia sauti ambayo si ya kanisani. Akaiweka chini mezani kama alivyofundishwa, akageuka, kidole mdomoni, halafu akapaza sauti iliyosikika hadi maegesho ya magari:

"Mama Arielle! Ni nani alikuchagulia kitu kibaya namna hii?"

 Gaëlle akainama kufunika sufuria iliyokuwa imefunikwa tayari. Mélissa akasoma kwa makini tangazo la Kiswidi kuhusu zimamoto. Mimi nilimtazama kaka yangu, kaka yangu akatazama dari. Mwenyekiti haambiwi "ni wewe." Sijui kwingine, lakini kwetu haambiwi.

"Ni sisi wote, Mama," Mama Arielle akasema taratibu.

Mama Célestine akafikiri, akipulizia kidole.

"Basi tumekosea," akapiga kelele. "Kitoe hicho kitu! Kinaumiza watu!"

Wifi yangu hakungoja aambiwe tena. Lennart akampa bisibisi, skrubu ikatoka, mweupe ukashuka, mweusi ukapanda. Aliposimama kwenye mstari wake, mabega yalishuka. Nilimwita nimtakie heri, hakusikia. Nikamwita tena kwa nguvu, hakusikia, na si kwa ajili ya vikinga masikio. Alikuwa peke yake pale, na alikuwa na furaha tele, hata mgongo wake ulionyesha. Alipiga bila haraka, akapumzika, akapiga. Karatasi ilipoletwa, matundu yalikuwa yamesongamana kama kuku kwenye mvua.

Jina lake lilisomwa la mwisho kwenye timu, lakini lilisomwa. Kina mama wakapiga vigelegele mpaka wastaafu wakavirudisha vikinga masikioni.

Jean-Bosco hakupiga makofi. Alienda moja kwa moja akaushika ule mkono mkubwa, akakitafuta kidole cha kati, akakibonyeza huku akimtazama mkewe machoni. Kilikuwa bado kimevimba kidogo, wote tuliona. Mama Arielle hakupepesa hata kope.

"Naona kinapungua," kaka yangu akasema. Akamchukulia mkoba, akaenda kujipakulia sombe.

Mpini mweupe sasa umo kwenye kabati la vioo sebuleni kwao, pamoja na vikombe vya wageni. Na Jumapili iliyofuata siku ile ya klabuni, nje ya kanisa, nilimkuta Mama Célestine amemzuia padri asiondoke, ananyoosha mkono na kufumba jicho moja kumwonyesha jinsi ya kusimama.

"Huyu mtoto ana mikono mikubwa," alikuwa anamweleza. "Nilimwambia tangu mwanzo: achana na urembo, chukua ule mweusi wa mpira. Si ndivyo, Mama Arielle?"

Nilifungua mdomo. Wifi yangu alinikanyaga mguu, tena kwa uzito wake wote.

"Ndivyo, Mama," akasema. "Na Jumamosi ijayo ninaenda tena."