Mwewe Aliyezijua Jumapili

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kuku hata mmoja. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, kwenye kituo cha mifugo pale Arusha mjini, na nilivaa gauni langu la kipaimara kwa kuwa sikuwa na jingine la heshima. Msimamizi wa mabanda, mzee wa Kichaga, alinitazama, akanisogezea kigoda.

"Kaa hapo umsikilize jogoo."

"Nimsikilize mpaka lini, baba?"

"Mpaka uweze kuniambia anasema nini huku umempa mgongo."

Nilikasirika. Nilitaka kazi ya Serikali, si kukaa na jogoo. Lakini ndivyo kazi ilivyoanza. Jogoo akimwona adui wa angani, yaani mwewe au kipanga, hutoa mlio mmoja mrefu, na vifaranga hukimbilia chini ya chochote kilicho karibu. Akimwona adui wa ardhini, kicheche au nguchiro, huikatakata sauti, na kuku huruka juu. Nyinyi vijana mnaosikia "kelele za kuku" tu, mngefukuzwa kazi siku ya pili.

Mengine niliyajua polepole. Nilijifunza kuinua banda juu ya nguzo na kuzifunga nguzo bati, ili kanu, yule mnyama mwenye madoa na mkia mrefu, ateleze akipanda. Nilijifunza kuwafunika kuku na tenga, kapu kubwa la fito ambalo mwewe hawezi kulipenya. Nilipokwisha kuiva, Bwana Mifugo, ndivyo tulivyomwita ofisa wa Kizungu wa idara yetu, akanipeleka mlimani kwa Wameru wenzangu nikawafundishe akina mama ufugaji wa kuku weupe wa kizungu.

"Hawa ni kuku wa Serikali," alisema. "Wakiliwa wote, sileti wengine."

Niliwekwa kwa mjane mmoja, Mama Anasia. Kahawa ilikuwa mali ya wanaume, kuku mali ya wanawake, na yeye hakuwa na kitu kingine isipokuwa hao kuku na kiwanja cha nyuma ya nyumba. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe na mzee wa kanisa anayeogopwa, alikuwa anakitaka kiwanja hicho.

"Shemeji," alimwambia mbele yangu, "kuku wako wakikaa mpaka watage, baki na kiwanja. Wakiisha, mimi napanda kahawa."

Bila kiwanja hicho Mama Anasia angerudi kwao, na watoto wangebaki kwa ukoo wa baba yao. Aliyasikia yote hayo kwenye maneno yale machache. Alijibu tu, "Nimesikia, shemeji," akaendelea kuchambua mboga.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hawa kamba yao ilikuwa rangi. Kuku wetu wa kienyeji wana rangi ya majani makavu ya mgomba, ukimtupia jicho humwoni. Weupe walionekana kutoka huko juu kama nguo zilizoanikwa. Kilichowaokoa ni desturi ya mlimani: wa kwanza kumwona mwewe hupaza sauti na kupiga debe, jirani anadaka, na wa shamba linalofuata naye anadaka, mpaka mwewe hana pa kutua. Tangu utoto kila mtu alikuwa na sauti hiyo kooni.

Hata hivyo kuku walipungua. Mama Anasia ndiye aliyesema siku moja, akiokota manyoya, "Mwanangu, huyu ndege anakuja Jumapili tu."

Ilikuwa kweli. Jumapili mlima mzima ulikuwa kanisani, na mwewe alikwishaujua ukimya ule. Jumapili iliyofuata nilibaki nyumbani. Nilipiga debe hadi mkono ukafa ganzi, lakini sauti moja si kitu. Alinizunguka bila haraka, akashuka mwisho wa kiwanja nilipokuwa sipo, akaondoka na tembe, kuku aliyekaribia kutaga. Nililia kwa hasira.

Tulimwomba shemeji aruhusu hata nyumba chache zibaki kulinda. "Jumapili si siku ya kupigia madebe," alisema. Mama Anasia akamwambia kwamba basi anaomba Mungu. Shemeji akacheka: "Dua la kuku halimpati mwewe." Sikumpenda mtu yule, na sitajisingizia kwamba nilimpenda baadaye.

Basi tukaamua kuwafungia bandani kila Jumapili. Jumamosi kabla ya sikukuu ya mavuno mvua ilinyesha, na siafu wakatoka. Mstari wao ulikuwa umefika mguu wa banda. Anayefuga mlimani anaijua hofu hiyo: kuku aliyefungiwa siafu wakaingia huliwa akiwa hai. Kuwafungia ni kifo, kuwaachia ni kifo, na mjane asiyeonekana kanisani siku ya mavuno amempa shemeji yake neno la kusema.

"Tunakwenda nao," akasema Mama Anasia.

"Mama, siku ya mavuno kinachoingia kanisani kinapigwa mnada."

"Hawataingia."

Asubuhi tuliwabeba ndani ya matenga, tukawaweka uani, chini ya kivuli cha miti ya migrevilea, jogoo tukamfunga mguu pembeni. Tenga moja lilikuwa limevunjika fito na hatukuwa na jingine. Tulikaa benchi la nyuma, upande wa wanawake. Sikusikia neno la mahubiri. Nilisikiliza nje tu, na Mama Anasia alinishika mkono hadi ukauma.

Mchungaji alikuwa amenyamaza kidogo kufungua ukurasa. Ndipo jogoo akalia mlio ule mmoja mrefu.

Mama Anasia akajiinua, lakini sauti haikumtoka. Iliyotoka ilitoka mbele, upande wa wanaume, nzito na ya nguvu: "Mwewe! Mwewe hooo!" Alikuwa shemeji. Alikwishasimama, mkono juu, kabla hajakumbuka yuko wapi. Kanisa zima likaidaka. Wazee, wanakwaya, akina mama wenye watoto mgongoni, wote kwa pamoja, hadi mabati yakavuma. Nilipofika mlangoni mwewe alikuwa anapanda kuelekea msituni, kucha tupu, na kuku wamejibana ndani ya tenga bovu.

Mchungaji alisubiri tukae. "Mzee wetu ametuamsha," akasema, akaendelea kusoma. Shemeji aliinamisha kichwa hadi baraka ya mwisho. Kuanzia hapo kila Jumapili nyumba mbili zilibaki kwa zamu, na hakuna aliyetangaza nani kaamua. Kuku walitaga. Bwana Mifugo alileta wengine.

Nilifundisha kwenye vituo vingine vingi, hadi Daraja Mbili kule Arusha mjini, mpaka nikastaafu. Sasa ninyi mnafuga ndani ya nyavu na kuta ndefu, na ni vizuri, kuku wanapona. Ila naona mwewe akizunguka juu ya nyumba ya jirani na mnamtazama tu, kwa kuwa kuku si wenu. Hilo linaniudhi.

Mama Anasia tulimzika kwenye kiwanja kile kile, nyuma ya nyumba yake, watoto wake wote wakiwepo. Shemeji, akiwa mzee wa mkongojo, ndiye aliyewaonyesha wachimbaji mpaka wa kiwanja ulipo, na alitaka wauheshimu.