Mishiri Iliyopinda ya Timau

Kazi ya Gladwell ni kuchambua mishiri, yaani maharagwe ya kijani, kwenye shamba moja kubwa huko Timau. Wanunuzi wa ng'ambo wanataka iliyonyooka kama penseli, kwa hivyo iliyopinda hutupiwa ng'ombe wa shamba. Jambo hilo lilimuuma Gladwell, maana yeye ni mama na alijua nyumba ambazo watoto walikuwa wakilala na chai ya rangi tu.

Akamwendea msimamizi wake, Kirimi, kumwomba ile iliyopinda.

"Chukua yote," Kirimi akasema. "Lakini ikikaa hapa mpaka jioni, ng'ombe wangu hawaoni haya."

Gladwell akapiga picha kreti za mishiri hiyo, akaandika kwenye grupu la WhatsApp la kijiji: "Nani hana chakula? Aje getini achukue bure."

Watu wakasoma. Mmoja akaweka emoji ya mikono ya maombi, mwingine "Mungu akubariki." Hakuna aliyekuja. Saa nane ikapita, mishiri ikaanza kunyauka.

Gladwell akaketi juu ya kreti, akawaza. Huku kwetu mtu asiye na unga bado huwasha moto jioni, ili majirani waone moshi. Mtu kama huyo atajitaja vipi mbele ya grupu zima, na wakwe zake wamo?

Akafuta ujumbe. Akaandika mwingine: "Jamani, nimelemewa. Mishiri ni mingi na itaharibika. Nani atanisaidia kuipunguza?"

Marcella wa duka akajibu kwanza: "Wewe nawe, hujui kukataa vitu? Nakuja na gunia." Wengine wakafuata, na kreti zikaanza kuisha.

Halafu akaja Ciakuthii, nyanya anayelea wajukuu kwa vibarua vya kulimia watu. Asubuhi alikuwa amepita getini bila kugeuza shingo. Sasa alikuwa na kiondo, kikapu cha kufuma chenye kamba.

"Jirani ameniambia umelemewa."

"Sana, Shosho. Afadhali umekuja."

Gladwell akajaza kiondo nusu, akasita, akiogopa kumwaibisha kwa kumjazia sana.

"Huo ndio mzigo?" Ciakuthii akauliza. "Mgongo wangu haujazeeka hivyo."

Gladwell akashindilia mpaka kiondo kikakataa kufungika. Ciakuthii akaweka kamba kwenye paji la uso, akainuka polepole.

"Ukilemewa tena, usihangaike na watu wote hao. Niite mimi."

Akatoka kwa lango kubwa, akapita barabara ya katikati ya kijiji, akisalimia kila aliyekutana naye.