Chungu cha Mama Kilipoitwa Dawa

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: harufu ya mafuta ya mbarika yakipata jua. Mama alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha, chungu kipya kipo mapajani mwake, anakipaka mafuta tumboni kama mtu anavyompaka mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mimi nilikuwa msichana wa kutumwa-tumwa, nimetoka kumletea pumba za mtama. Ilikuwa Kitangari, huku huku juu, enzi za Mdachi, mwaka ule wa vita vya Maji Maji.

Nakuandikia wewe, mjukuu wangu, na wenzako mliopata kazi ya kupanga vitu vya wazee katika ile nyumba ya makumbusho ya Masasi. Uliponijia juzi ukaniuliza chungu changu ukiandike ni nini, nikakujibu ni chungu. Ukasema hapana, Bibi, kuna kabati la udongo, kabati la mbao na kabati la chuma, na kila kitu kinakwenda kwenye kile kilichotengenezwa nacho. Nilinyamaza, ukadhani sijaelewa. Nimeelewa sana. Shule yangu mimi ni ya ngumbaro, herufi nilizijua nikiwa na wajukuu tayari, lakini udongo nimeufinyanga maisha yangu yote, na upande huu sijui harusi iliyopikwa bila chungu changu. Nilinyamaza kwa sababu swali lako hilo hilo liliwahi kumvisha mama yangu kamba shingoni.

Kwanza nikueleze jambo ambalo ninyi watu wa sufuria hamlijui. Chungu kikitoka motoni hakijawa chungu bado. Kina vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukikipikia hivyo hivyo kinatoa jasho, maji yanadondokea kuni, moto unazima. Kwa hiyo kinalishwa. Unatia maji, unatia pumba za mtama na punje zake kidogo, unakipaka mafuta ya mbarika ndani na nje, unakiacha kilale hivyo. Kesho yake unakichemsha polepole mpaka ule uji uingie ndani ya udongo na kuuziba. Hapo ndipo kinapokuwa chungu. Na maji ya kukilisha usidhani yalikuwa ya kuchezea. Huku juu maji hayapo. Wanawake tuliteremka bondeni jogoo la kwanza, tukapanda na mitungi jua likiwa limeshapamba moto. Mama alikuwa amejinyima kunywa ili chungu kinywe.

Sasa, ile dawa ya vita ilikuwa nini? Maji, mtama, mafuta ya mbarika. Watu waliambiwa kwamba wakiinywa na kunyunyiziwa, risasi za Mdachi zitageuka maji. Kule chini Masasi nyumba za misheni zilikuwa zimeshachomwa, na askari walikuwa wanapanda huku kwetu kijiji kwa kijiji, wanaitafuta. Aliyekutwa nayo hakuulizwa mara mbili. Majirani zetu wa ng'ambo ya kichaka walichukuliwa wamefungwa shingo kwa shingo, na mpaka leo hakuna aliyerudi kusimulia.

Unaona tulivyokuwa tumekaa. Mama hakuiwaza dawa hata kidogo. Kwake kile kilikuwa chungu, na chungu kina njaa.

Walitokea kwenye njia ya kichakani, askari weusi kama sisi, wa Mdachi. Mkubwa wao, ambaye wenyewe walimwita ombasha, alikuwa mtu mwembamba anayechechemea kwa sababu kiatu kilimchubua. Alimpita mama, kisha akarudi. Akainama juu ya chungu. Akachovya kidole, akakinusa.

"Maji," akasema. Akachovya tena. "Mtama." Akasugua kidole kwa kidole. "Mbarika. Mfungeni huyu."

Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Alipoona kamba inamzunguka alisema neno moja, akalirudia na kulirudia: "Chungu. Chungu changu." Wao waliona anang'ang'ania dawa yake.

Bibi yangu, mama yake mama, akatoka ndani. Aliitwa Bibi Somoe, mwanamke mfupi mwenye ndonya nyeusi ya mpingo kwenye mdomo wa juu, na alipokuwa na hasira ndonya ile ilitangulia maneno. Kiswahili alikijua kwa kupeleka nta Lindi ujana wake. Hakukimbilia kamba. Alisimama mbele ya ombasha akamtazama.

"Kwenu watu hawaamkii wazee?"

Yule mtu, kamba iko mkononi, mazoea yakamshinda. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huyo unayemfunga ni mwanangu, Mama Sijaona. Sijaona mwenyewe huyu hapa, anatetemeka. Mama yake kafanya nini?"

"Ana dawa ya vita."

"Ana chungu kinakula."

Askari wakacheka. Mmoja akauliza, "Bibi, chungu nacho kinakula?"

"Kinakula kuliko wewe, nikitazama hayo mashavu yako."

Ombasha hakucheka. Alisema taratibu, kama mtu anayeamini anasema haki. "Bibi, mimi si mjinga. Dawa hii nimeiona kwa macho yangu kule chini. Ilikuwa maji haya, mtama huu, mafuta haya. Vilivyomo ni vile vile, basi kitu ni kile kile."

"Wewe una nyama, una mifupa, una ngozi, una mkojo," bibi akamwambia. "Mbuzi naye anavyo. Tukuchinje Idi?"

Askari mmoja alikohoa kuficha kicheko. Ombasha akavuta kamba, mama akaanguka magoti. Hapo sauti ya bibi ilibadilika, ikawa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Baba, usiulize kina nini ndani. Uliza kinangojea nini."

"Utayajibu hayo bomani."

Wakaanza kuondoka naye. Mimi nilikuwa nimeishika nguo ya mama, na vidole vyangu vilibanduliwa kimoja kimoja.

Mwanangu, askari wa Mdachi hawakutembea peke yao. Nyuma walikuja wake zao, wamebeba vyombo, magodoro na watoto, na mara nyingi walifika wakati wanaume wameshaharibu. Mke wa ombasha aliingia uwanjani kwetu wakati ule ule, mwanamke mnene wa pwani, kaniki imelowa jasho, na mgongoni amefunga vyombo vyake vyote vya kupikia. Alikuwa amepanda ule mlima kwa miguu. Hakutazama kamba wala mtu. Alisema, "Jamani, maji."

Ningekuwa mimi ningemnyima. Bibi akaniambia, "Sijaona, mletee." Nikamletea kata, akainywa yote, akashusha pumzi. Ndipo alipomwona mama.

"Huyu naye kosa lake?" akamuuliza mumewe.

"Dawa."

"Iko wapi?"

Akamwonyesha kwa kidevu. Mwanamke akakisogelea chungu, akachungulia, akapitisha kiganja kwa nje palipopakwa mafuta. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Rehema, unayakumbuka maharage ya Lindi?"

Ombasha akajifanya anakaza kamba.

"Nakuuliza, unayakumbuka?"

"Maharage yametoka wapi mbele ya watu?"

"Yametoka kwenye chungu. Nilikinunua sokoni, mwenyewe akaniambia nikakilishe kwanza, nikaona ananichelewesha. Kikatoa jasho, kikazima moto, ukala maharage mabichi, ukashinda kichakani kutwa nzima na bunduki umemwachia mwenzako." Askari sasa hawakuficha kicheko. "Niliporudi kumgombeza yule mwanamke, akanishika mkono akanionyesha. Maji, mtama, mbarika. Kama hivi hivi. Na hicho chungu tunachokilia wali kila siku, nimekilisha mimi kwa mkono wangu. Kwa hiyo mfungue mama wa watu, au nami nifunge, tuongozane."

Ombasha aliangalia chini, akaangalia askari wake, akaangalia kamba. Mtu mwenye bunduki akishasema jambo ni vigumu kulimeza. Mwisho akasema, "Kama ni chakula cha chungu, kichemshwe. Nitatazama."

Mama akafunguliwa mikono, shingo ikabaki kambani. Aliwasha moto na mwisho wa kamba umeshikwa na askari, kama mbuzi anayejipika mwenyewe. Akakiweka chungu juu ya mafiga. Tukakaa wote kukitazama, askari na wake zao na sisi, na sidhani kama kuna chungu kilichowahi kutazamwa namna ile.

Kilianza kutoa jasho. Matone yalitoka ubavuni, yakateremka, yakalia tss kwenye makaa. Kila tone lilipolia mimi nilifumba macho. Moto ukapungua. Mke wa ombasha akasema, "Subirini," ingawa hakuna aliyesema kitu. Mama akaongeza kijiti, akakoroga. Maji yakaanza kuwa mazito, yakawa uji, yakapanda na kushuka kwa pumzi nzito. Na ubavu wa chungu ukaanza kukauka, kutoka chini kwenda juu, ukabaki mkavu. Moto ukashika tena.

Ombasha aliinuka, akaenda akakigusa, akaunguza vidole. Kisha yeye mwenyewe akamtoa mama kamba shingoni, akaikunja polepole kama mtu anayekunja mkeka wake baada ya wageni kuondoka. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Basi," na mwanangu, katika Kiswahili chote nilichosikia tangu siku hiyo, sijasikia neno tamu kama hilo.

Mama akamwaga ule uji, akakifuta chungu kwa majani, akamkabidhi mke wa ombasha. "Chukua," akamwambia kwa Kiswahili chake cha chumvi. "Hiki kimeshiba." Yule mwanamke akacheka mpaka vyombo vya mgongoni vikagongana.

Walipotokomea kichakani mama alikaa chini palipomwagika ule uji wa pumba. Bibi akauchukua mtungi wa maji, maji yale tuliyoyapandisha mlima, akammwagia mama kichwani yote, bila huruma ya maji. Mama akawa analia na kucheka, pumba za mikononi zimemganda usoni, na mimi nikajitupa juu yake, nikalowa. Hatukuwa na maji ya kupikia siku ile. Tulitafuna muhogo mbichi, na ulikuwa mtamu.

Sasa ngoja nikuambie lililofuata, maana ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Niliiokota ile kata aliyonywea mke wa ombasha nikaenda kuitupa. Bibi akaniuliza naipeleka wapi. Nikamwambia, "Imenywewa na askari."

"Askari yupi?"

"Yule mwanamke. Mke wa askari ni askari."

Bibi alininyang'anya kata. Ndonya ikatangulia. "Leo watu wamekitazama chungu chetu, wakaona mtama na mafuta, wakasema dawa. Wewe umemtazama mwanamke, ukaona kaniki na njia aliyojia, ukasema askari. Tofauti yenu ni ipi? Wewe huna kamba tu."

Niliitazama kata mkononi mwake.

"Nani amenirudishia mwanangu?"

"Yeye."

"Basi hilo ndilo jina lake humu ndani. Ioshe kata, uitundike."

Baadaye nilimuuliza kuhusu ile dawa yenyewe, kama ilikuwa uongo, maana vilivyomo vilikuwa vya jikoni tu. Akasema vya jikoni kweli, lakini waliokuwa wanainywa walikuwa wanangojea kitu kingine, na maneno mengine yalisemwa juu yake, na ndiyo maana ilikuwa dawa mikononi mwao na haikuwa dawa mapajani mwa mama. Hakuwacheka waliokufa nayo. Alisema mtama hauna kosa.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Panga kazi yako. Udongo uweke na udongo kama wakubwa wako wanavyotaka, sikatai, udongo ni udongo na ukiangusha utavunjika. Lakini usiishie hapo. Kila kitu unachokishika uliza kimetoka mkononi mwa nani, kilikuwa kinangojea nini, na nani angelia kama kingepotea. Kinu na mzinga wa nyuki vinaweza kutoka mti mmoja, ukiviita ndugu umemkosea mtwangaji na umemkosea mrina asali. Na usipojua, usiandike kwa kubahatisha. Mwite mtu aliyekitumia, hata kama amekuja na jasho na hakuitwa, umpe maji kwanza, kisha umsikilize.

Na watu fanya hivyo hivyo. Watakuja kwako wenye kanzu, wenye misalaba, Wamakonde, Wamakua, Wayao, wenye majina ya babu waliokuwa upande ule na upande huu wa vita. Usimweke mtu kabatini kwa alichovaa wala alikotoka. Ngoja uone anafanya nini mbele ya moto.

Mama yangu aliishi. Alizaa wadogo zangu baada ya siku ile, mmoja wao ndiye bibi yako mdogo wa Lukuledi unayempenda kwa maandazi yake, na asingekuwepo kama mama angepelekwa bomani. Alikufa mzee, kitandani kwake, akiwa analalamikia chumvi kwenye mboga.

Mungu akuweke, mjukuu wangu. Mikono yako isipungukiwe na kazi, wala mtungi wako maji. Na siku watakapokutazama wakakuita jina lisilo lako, Mungu akuletee mtu mmoja mwenye kiu anayekujua.