Kijana wa Kudumu

Kama umewahi kuhudhuria semina ya vijana pale Voi, basi Lewis unamjua. Ni yule wa mstari wa mbele, wa kwanza kushika maikrofoni na wa mwisho kuiachia. Mradi wa demokrasia ukija, na watafiti wake kutoka ng'ambo, nani anaitwa? Lewis. Fulana za miradi alikuwa nazo tele, hata kule kwao Mghange mama yake alikamua ng'ombe akiwa amevaa iliyoandikwa "Sauti ya Kijana". Bibi wa miaka sabini, jamani!

Shida ni kwamba miaka haina adabu. Lewis alifika thelathini na sita, na kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akiwinda mvi kidevuni.

"Ujana ni moshi, mwanangu," mama alimwambia. "Ukienda haurudi."

Yeye akacheka, akaendelea kung'oa.

Mwaka huu ukaja mradi mwingine, wa vyuo vikuu vya nje, kutafiti jinsi vijana wanavyoshiriki katika maamuzi ya wadi. Ulihitaji msemaji wa vijana. Msimamizi, Rachel, mwanamke wa Taveta asiyebembelezeka, alitazama kitambulisho cha Lewis akamrudishia.

"Pole, kaka. Mwisho ni thelathini na nne."

"Lakini hawa watoto hawajui kuongea!"

"Watajua wakiongea."

Nafasi ikamwendea Khamisa, msichana wa Kaloleni aliyemaliza shule juzijuzi. Lewis alirudi nyumbani moyo ukimuuma kwelikweli. Kama si kijana, yeye ni nani? Mke hana, kazi ni za kubahatisha, cheo chake pekee kilikuwa hicho.

Siku ya kikao cha wananchi kuhusu bajeti ya wadi alienda vilevile, nani angemzuia? Wazee walikaa mbele kwenye viti vya mikono, vijana nyuma kwenye mabenchi, kama kawaida. Zamu ya vijana ilipofika, Khamisa akasimama. Mwenyekiti, Mzee Munyao, hakumtupia hata jicho.

"Lewis, kijana wetu! Hebu tuambie."

Maikrofoni ikapitishwa mkono kwa mkono hadi kwake. Lo, jinsi ilivyomkaa vizuri! Hotuba aliijua kwa moyo: vijana tunaomba tushirikishwe, vijana ni viongozi wa leo. Makofi, kisha pilau. Akageuka, akamwona Khamisa bado amesimama, ameshika ncha ya mtandio wake. Ndipo swali likamchoma: miaka yote hii, yeye Lewis aliomba nini hasa? Hakukumbuka hata kitu kimoja. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mzee," akasema, "mimi si kijana tena. Nina thelathini na sita."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Hatimaye!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Basi njoo ukae huku na wazee wenzako," Munyao akasema, akijipangusa machozi ya kicheko. "Vijana hawana msemaji, tuendelee."

Lewis akaenda mbele, akaketi kwenye kiti cha mikono, maikrofoni bado mkononi.

"Msemaji yupo. Wazee wenzangu, nawaomba tumsikilize Khamisa."

Wazee wakatazamana. Wenyewe ndio waliomwita mwenzao, na ombi la mzee mwenzao hawalikatai mbele ya watoto. Munyao akaguna, akaashiria maikrofoni irudi nyuma.

Khamisa hakutoa hotuba. "Mimi na mama twauza viazi karai kando ya njia. Giza likiingia wateja waogopa kupita, twafunga. Twataka taa, kutoka sokoni hadi Kaloleni. Hilo lango jipya la ofisi ya wadi mnalotaka kujenga lingoje mwaka ujao."

Mabenchi yalilipuka. Kura ilipopigwa kwa kuinua mikono, wa Lewis ulikuwa juu, na mkono wa Munyao nao ukapanda polepole. Taa zikaandikwa za kwanza. Zitawaka? Tutaona, bajeti ya serikali ina safari zake. Lakini jioni ile Lewis alinunua viazi kwa kina Khamisa akala akitembea, mwepesi wa moyo kuliko siku zote alizokula pilau ya semina.

Asubuhi alijitazama kiooni. Mvi moja ilikuwa imechomoza kidevuni. Akaigusa, akaiacha.