Siku Niliyocheza kwa Mguu Mmoja Mbele ya Bendera

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini kwa kuwa jirani yangu ameanza kuisimulia vibaya, afadhali muisikie kwangu mwenyewe. Nilicheza kwa mguu mmoja, mikono kichwani, katika uwanja wa shule kule Kadutu, mbele ya bendera, walimu, wazazi na wakubwa wa chama tawala, na sikuwa nimekunywa kitu.

Miaka ile ya Zaïre serikali iliamua tuache majina ya Kizungu tuliyobatizwa nayo, tuchukue ya mababu. Mimi sikuona shida (langu lilikuwa refu, hata mimi lilinichosha), lakini nyumbani tulikuwa na Béatrice, mtoto wa marehemu dada yangu, aliyeletwa kwetu kutoka kijiji cha Miti baada ya msiba, na Maman yangu akampa jina la bibi mmoja wa ukoo, Nsimire. Hakulia wala hakubisha, ila hakuitika. Ukimwita Nsimire anakuangalia kama unamwita mtu aliyesimama nyuma yake, nami nikawa najiuliza, jina linamwingiaje mtu, linaanzia sikioni au wapi? Mwalimu wake hakujiuliza hayo. Alituambia kwamba siku ya wazazi, asipoitika mbele ya bendera, arudi nyumbani kabisa.

Hapo ndipo nikajifanya mjanja. Nikatunga mchezo: atakayetaja jina la zamani atacheza kwa mguu mmoja, mikono kichwani, na (hii niliiongeza kwa utamu tu) pale pale alipo, hata akiwa wapi. Mtoto akachangamka kwa mara ya kwanza tangu aje. Akawa anajificha nyuma ya nyumba ili tumwite kwa haraka tukosee, Maman akacheza jikoni na mwiko juu ya kichwa, nami nikacheza mpaka kiatu kikakatika, lakini yeye mwenyewe kuitika Nsimire, hapana.

Siku ya wazazi nikaazima abacost ya jirani (huyo huyo msimuliaji), koti la mtu mwembamba kuliko mimi, nikasimama mstari wa mbele nikipumua kidogo kidogo. Mwalimu akaanza kuita, kila mtoto anajibu, mpaka akafika kwa Nsimire. Kimya. Akaita tena, kimya, na mtoto anaangalia vidole vya miguu yake, na mimi naona shule inamponyoka hivi hivi, nikapaza sauti bila kufikiri, "Béatrice, itika!" Uwanja mzima ukanigeukia. Jina lililokatazwa, tena mbele ya wakubwa wa chama.

Nikiwa natafuta pa kujificha, mtoto akainua kichwa. "Tonton," akaniambia mimi mjomba wake taratibu kabisa, "umeita ile ya zamani. Ucheze."

Ningefanya nini? Nikikataa, mchezo umekufa, na labda hatatuamini tena. Nikaweka mikono kichwani, nikanyanyua mguu, nikaruka, na vifungo vya abacost vikaruka pia, kimoja kikaangukia karibu na kiatu cha mkubwa mmoja wa chama, ambaye alikiangalia, akaniangalia, akauliza, "Citoyen, iyi danse iko ya wapi?" Nikamjibu nikihema kwamba ni ya mababu. (Uongo huo mpaka leo sijui ulitoka wapi.) Basi akaanza kupiga makofi, uwanja wote ukamfuata, na mimi nikashindwa kujua nisimame lini. Mtoto wetu akacheka mpaka akajifuta macho, na mwalimu alipoita Nsimire mara ya tatu akajibu "présente" kwa sauti ya kusikika barabarani.

Njiani, nimeshikilia koti kwa mkono lisifunguke, nikamwuliza kwa nini ameitika leo.

"Nilizani mulisha sahau jina yenye marehemu maman alinipatia, munaitaja ya kucheza tu," akasema. "Kumbe ingali."

Nikamshika mkono tukapanda mlima wa kwenda nyumbani.

Tangu siku ile nimeapa sitatunga tena mchezo usiochagua mahali. Lakini kila mwaka, siku ya kumkumbuka dada yangu, nafunga mlango, nakosea kwa makusudi, namwita Béatrice, kisha nacheza. Nsimire sasa ni mama wa watoto, na bado anakaa pale mbele yangu, anaangalia kama mguu wa pili unagusa chini.